Mama Owiti Hajapanda

Jumatatu, Machi 3

Leo nimetia sahihi karatasi inayosema sina maoni. Imeandikwa kwa heshima zaidi ya hivyo, lakini maana ndiyo hiyo: mkalimani atasema yaliyosemwa, hataongeza, hatapunguza, hatatoa ushauri wake kwa mgonjwa wala kwa mtaalamu. Maaike, mkuu wa hawa wazungu, alinisomea kifungu hicho mara mbili huku akitabasamu. Alisema mahali pengine walikuwa na mkalimani aliyekuwa akiwajibia wagonjwa maswali yote, hata ya choo.

Kwa hiyo mimi Naeema, mwenye diploma ya tiba ya viungo na miaka minne ya kungoja kuajiriwa, nitakuwa mdomo wa watu wanaofanya kazi niliyoisomea. Wako sita, wa kujitolea, kutoka Uholanzi. Wameazima ukumbi wa kanisa nje kidogo ya Kisian, wakaweka vitanda kumi, na watakaa mpaka mwisho wa Mei. Wakiondoka wataacha mtaalamu mmoja wa hapa aendeleze kituo, na Maaike ndiye atakayemchagua. Hakuniambia zaidi na mimi sikuuliza, ila nilitia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Ramadhani ilianza jana. Jua la leo halikuwa na huruma.

Jumatano, Machi 5

Wagonjwa kumi na wanne, vitanda kumi. Wa mwisho kupokelewa alikuja kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mwanamke mwingine aliyemkumbatia kutoka nyuma asianguke. Aliyebanwa anaitwa Dorca, Mama Owiti, mjane wa miaka sitini na kitu. Aliyemkumbatia ni Akello, mke mwenzake. Mume wao alikufa zamani na hawa wawili wamebaki katika boma moja pamoja na mkaza mwana mmoja, mke wa Owiti. Kiharusi kilimpata Mama Owiti baada ya Krismasi. Mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia unaburuta, mdomo umepona na haukosi la kusema.

Maaike alimpima kwa muda mrefu, kwa mikono ya mtu anayejua kazi yake, hilo nalikubali. Kisha akatoa fomu yao ya malengo. Kila mgonjwa anaulizwa: unataka kufanya nini tena maishani? Mzee wa kitanda cha pili alisema anataka kwenda chooni bila kusindikizwa. Mama Owiti hakufikiri hata kidogo.

"Nataka kupanda," alisema kwa Dholuo, kisha akanitazama. "Wewe unaelewa, nyathina, mwanangu."

Nilitikisa kichwa kwamba naelewa. Mama yangu ni mtu wa upande huu, aliolewa mjini na baba yangu Mwislamu wa Kaloleni, na hata mimi niliyekulia mjini najua jambo ambalo kila mtoto wa hapa anajua. Katika boma, mikayi ndiye anayetangulia. Mikayi ni mke wa kwanza. Yeye hutoa mbegu, hupiga jembe la kwanza, hupanda mashimo yake machache, basi. Ni kazi ya nusu saa. Baada yake mke wa pili, baada yake wake za watoto. Kabla ya hapo hakuna anayetia punje ardhini, hata mvua inyeshe namna gani. Mama Owiti ndiye mikayi wa boma lile.

Nikatafsiri: anataka kupanda. Maaike alifurahi. Akaandika kwenye fomu kwamba mgonjwa anapenda bustani. Nililiona neno hilo likiandikwa nikanyamaza, kwa sababu sikuulizwa.

Wakampa wiki nane.

Jumamosi, Machi 8

Kiu. Wazungu wakinywa maji mbele yangu huniomba radhi kila mara, na radhi zao zinachosha kuliko kiu.

Jumatano, Machi 12

Mvua ya kwanza, saa tisa mchana, ile nzito inayoanza upande wa ziwa na kufika kabla hujaanua nguo. Bati la ukumbi lilipiga kelele mpaka mazoezi yakasimama. Wazungu walitoka nje kupiga picha. Wagonjwa wanawake walikaa kimya vitandani wakisikiliza, kila mmoja akihesabu mambo ya kwake kichwani.

Mama Owiti aliomba fimbo yake. Nilimwambia daktari hajaruhusu. Akasema haendi popote, anataka kuishika tu.

Jumatatu, Machi 17

Akello amekuja na dagaa omena wa kukaanga na habari za kijiji. Majirani wote wameshaanza kupanda. Alimwuliza Maaike kama mke mwenzake anaweza kutoka siku moja tu, asubuhi, arudi jioni.

Maaike alieleza kwa upole kwamba wiki hizi za mwanzo ndizo ubongo unajifunza upya, na kwamba kuna watu wanne nje wanaosubiri kitanda. Anayetoka kabla ya wakati wake anapoteza nafasi. Nikamtafsiria Akello kila kitu. Akello akasema haya. Hakusema kwa nini anataka hiyo siku moja. Haikumpitia akilini kwamba kuna binadamu mzima, tena daktari, asiyejua mikayi ni nani na mvua ni ya nini. Na kama hajui, si yupo huyu msichana wa mjini aliyezaliwa na mama wa kwetu, amekaa palepale katikati.

Nilimwona akinitazama vile. Nikaangalia kalamu yangu.

Alhamisi, Machi 20

Leo ningecheka kama isingekuwa aibu.

Pieter ndiye mdogo wao, kijana mwema anayeungua pua kwa jua kila siku na kila siku anasahau kofia. Alisoma ile fomu akakuta neno bustani, akaamua kumshangaza mgonjwa. Alikwenda soko la Kibuye mwenyewe, akanunua beseni la bluu na mbegu za mahindi, akajaza udongo, akaliweka juu ya meza mbele ya Mama Owiti. Wenzake walikusanyika. Mmoja alishika simu ya kupiga picha. Pieter akachukua ule mkono uliolala, akaufungua vidole, akaweka punje kiganjani.

Mama Owiti alitazama beseni. Akanitazama mimi. Akautoa mkono wake kwa mkono wake mzima, na punje zikamwagika sakafuni.

"Mwambie mimi si mtoto wa kuchezea udongo," alisema. "Mbegu ya kwanza ya mwaka huu niitie kwenye beseni la kanisa la watu? Halafu boma langu nilifungue na nini?"

Sijui kama huo ni mwiko wa kweli au ni hasira yake tu. Nilitafsiri neno kwa neno, na neno kwa neno halikuwa na maana yoyote kwa Kiingereza. Boma linafunguliwaje? Pieter alinitazama akingoja, na nilikuwa na sentensi tatu tayari mdomoni, tatu tu, zingetosha. Maaike akaniwahi. Akasema hasira ni kawaida baada ya kiharusi, asichukulie moyoni.

Jioni nikipanga mafaili niliona amemwandikia: hana ari.

Jumanne, Machi 25

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatatu, Machi 31

Idi. Niko nyumbani Kaloleni, nimekula pilau mpaka nimeona haya. Mama aliniuliza habari za kituo nikamsimulia kisa cha beseni, nikikifanya cha kuchekesha. Hakucheka. Mama aliingia Uislamu akaitwa Khadijah, ana miaka thelathini na tano mjini, na bado Machi ikifika huuliza kwao nani ameshapanda.

Aliuliza yule mwanamke amekaa siku ngapi. Nikasema karibu wiki nne. Akaacha kumimina chai.

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilitafsiri."

"Mimi nilikuzaa na mdomo, Naeema."

Nikamweleza kuhusu ile karatasi na ile nafasi ya kazi. Nikamwambia nimechoka kushinda naye Kibuye nikipanga mitumba na diploma iko kabatini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamaliza kumimina, na hakunisemesha tena mpaka wageni walipofika. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi kwa sababu hakupandisha hata sauti.

Jumatano, Aprili 2

Nilikwenda kazini nimeamua. Nilizipanga zile sentensi tatu njiani: yeye ndiye wa kwanza kupanda, boma zima linamngoja, ni nusu saa tu.

Maaike alinikaribisha ofisini kabla sijabisha. Alikuwa na barua pepe kutoka kwao. Alisema wamezungumza habari za mtu atakayebaki na kituo, na jina langu limetajwa. Alisema kinachomfurahisha kwangu ni kwamba wiki nne sasa sijawahi kuingiza mambo yangu kati yake na mgonjwa. "Ni nadra sana," alisema. Akaniuliza mimi nilikuwa nataka nini.

Nikamwambia karatasi za fomu zinakaribia kwisha.

Alhamisi, Aprili 3

Zimeletwa. Katoni mbili.

Jumatano, Aprili 9

Amekuja mkaza mwana, mke wa Owiti. Anaitwa Nangila, mtu wa Bungoma, ana watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Owiti mwenyewe yuko Awasi anafyatua matofali, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nangila hakwenda kwa mama mkwe wake kwanza. Alinifuata mimi nyuma ya ukumbi nilikokuwa nikianika mashuka.

Kiswahili chake hakina mapambo. Alisema mahindi ya jirani yamefika kwenye kifundo cha mguu. Alisema mbegu zake ziko kwenye debe na panya wameshalijua lile debe. "Kwetu mtu akiona mvua anapanda. Hapa natakiwa ningoje mguu wa mama upone. Sawa, nimengoja. Sasa nangoja mpaka lini? Wewe unajua lugha yao. Waambie tu wamlete siku moja."

Nikamwambia Akello alishaomba.

"Aliomba siku. Alisema ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba mimi siruhusiwi kuongeza neno langu. Nilieleza vizuri, kama nilivyoelezwa mimi. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatu.

"Kwani wewe ni simu?" aliuliza.

Kisha akaingia ndani kumwamkia mama mkwe wake, wakazungumza mambo ya watoto. Kumbe na yeye mbele ya mama mkwe hawezi kulitaja. Kila mtu ana karatasi yake aliyotia sahihi.

Jumatatu, Aprili 14

Saa sita mchana wazungu hupumzika saa nzima. Leo nilirudi mapema nikamkuta Mama Owiti amesimama peke yake kati ya vitanda viwili. Ameshika fimbo kwa mikono yote miwili, ule mzima umeubana ule mgonjwa kwenye mti, na anapiga. Anainua, anashusha. Anainua, anashusha. Analima sakafu ya kanisa.

Asubuhi Pieter alikuwa amemkataza. Kwenye karatasi yao mkono unaanza na vidole, kisha kiwiko, kisha bega. Lakini mimi nilisoma kazi hii na nina macho. Uzito ulikuwa ukihama kutoka mguu huu kwenda ule. Goti lilikuwa likishika. Hilo zoezi la jembe lilikuwa limemfanyia siku chache kile ambacho mpira wao wa plastiki haujafanya kwa wiki tano.

Nikafunga mlango. Nikamshika kiunoni na kumwonyesha namna ya kuutanguliza mguu wa kushoto asianguke akiinama. Tulifanya kuinama, kuchuchumaa nusu, kudondosha. Alidondosha vifungo vitatu vya shati mahali pamoja, akasogea hatua, akadondosha vitatu tena. Jasho lilimtoka, na akacheka kwa ule upande wa uso unaocheka. Nami nilicheka. Tangu nimalize chuo sijawahi kuwa na saa nzuri kama ile.

Akakaa kitandani kupumzika, akanishika mkono.

"Hawa wazungu moyo wao mgumu," alisema. "Umewaambia yote na bado wananikatalia nusu saa. Lakini wewe usichoke, nyathina. Endelea kuwaambia."

Hapo ndipo ningesema. Nilisema, "Ndiyo, Mama."

Jumanne, Aprili 15

Zoezi, saa sita. Hatua kumi na moja.

Jumatano, Aprili 16

Hatua kumi na tisa bila fimbo. Mvua kubwa tena. Sikuthubutu kumwangalia akiisikiliza.

Ijumaa, Aprili 18

Ijumaa Kuu. Wazungu wamekwenda kutembea ufukweni Dunga. Mama Owiti aliimba nyimbo zao za kanisa na wagonjwa wengine, na tulipokuwa peke yetu aliniuliza kama wamejibu. Nikasema bado.

Alhamisi, Aprili 24

Naandika hii saa kumi jioni kwenye ngazi za ukumbi, haraka haraka, kwa hiyo mwandiko usinichekeshe siku za mbele.

Nangila alipanda. Alipanda wiki iliyopita, alfajiri, peke yake, kipande chake cha nyuma ya nyumba. Kwa mvua hii mahindi yalichipuka kwa siku sita. Akello ndiye aliyeyaona kwanza. Akapiga yowe, boma likajaa watu, na mtu akampigia simu Owiti huko Awasi. Owiti alifika jana. Hakumpiga, Akello anasema, kana kwamba ni jambo la kumshukuru. Aliingia shambani akang'oa miche yote mmoja mmoja mbele ya mkewe, akiirusha njiani. Leo asubuhi Nangila alifunga nguo zake, akamweka mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akaondoka na mimba yake kwenda kwao Bungoma. Simu yake haipatikani.

Haya yote Akello aliyasema akiwa amesimama miguuni pa kitanda cha Mama Owiti, kwa Dholuo, haraka haraka. Mama Owiti hakulia. Alitafuta viatu vyake kwa mguu.

"Naenda nyumbani," alisema.

Maaike akaitwa. Akauliza kuna nini. Hapo mimi, ambaye wiki saba nilikuwa simu, nikafungua mdomo na yote yakatoka. Mikayi ni nani. Kupanda ni nini. Kwa nini Akello aliomba siku moja. Kwa nini beseni lilikataliwa. Nangila, miche, watoto. Nilisema kwa Kiingereza cha haraka na hakuna aliyenikatiza. Pieter alishika kichwa.

Maaike alikaa kitandani. Alikuwa amegeuka mweupe zaidi ya kawaida yake.

"Lakini ni kilomita kumi na moja," alisema. "Gari lipo. Tungempeleka asubuhi na kumrudisha kabla ya chakula cha mchana. Tungempeleka siku ile ya kwanza ya mvua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilijiandaa aseme mila zenu, nilijiandaa aseme kanuni, na mimi nimchukie kwa raha zangu. Hakusema hayo. Alisema gari lipo.

Kisha akamgeukia Mama Owiti, akamshika mkono ule mgonjwa kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka.

"Mwambie tunasikitika sana," aliniambia. "Mwambie tungemsaidia. Mwambie hatukujua, hakuna mtu aliyetuambia."

Hata mzee wa kitanda cha pili alikuwa ameinuka. Mama Owiti alinitazama akingoja maneno ya mzungu, kama alivyoyangoja siku zote, ameinamisha kichwa kidogo upande wa sikio zuri.

Ningeweza kupunguza. Akello hajui Kiingereza, hakuna mle ndani ambaye angegundua. Lakini nilihisi nimekwisha kupunguza vya kutosha, na zaidi ya hapo ilikuwa ni kuiba. Nikasema kwa Dholuo, polepole: wanasikitika sana. Wangekusaidia. Hawakujua, hakuna mtu aliyewaambia.

Nilimwona akirudi nyuma kichwani, siku moja baada ya nyingine, mpaka ile siku ya kwanza na kile kichwa nilichotikisa. Akautoa mkono wake kwa Maaike bila ukali. Akamwambia Akello amfungie viatu.

Ijumaa, Aprili 25

Wamempeleka kwa gari. Maaike alisema kitanda kitamngoja, kanuni au si kanuni. Mimi sikupata nafasi ndani ya gari. Ilitakiwa nibaki na wagonjwa wengine.

Jumapili, Aprili 27

Pieter ananiambia Mama Owiti alipanda jana. Mashimo manane, kwa jembe, amesimama mwenyewe, Akello nyuma yake bila kumshika. Pieter alinionyesha picha. Anainama vizuri, mguu wa kushoto mbele.

Jumatano, Mei 14

Siku ya sita bila mvua.

Jumatatu, Mei 19

Ya kumi na moja. Kila anayeingia kituoni anatazama juu kabla hajasema hodi.

Jumanne, Mei 27

Maaike aliandika ripoti yao ya mwisho na kunipa niisome. Mama Owiti yumo, bila jina, ukurasa mzima, chini ya kichwa kinachosema tuliyojifunza. Ni ukurasa mzuri. Lawama ameichukua yote yeye. Anasema walipaswa kuuliza zaidi, wasikilize zaidi. Mimi nimo katika sentensi moja: mkalimani alitueleza desturi hiyo ilipojulikana. Nilitaka kumwambia airekebishe. Halafu nikaona ameambatanisha barua ya kunipendekeza.

Barua inasema mimi ni mwaminifu, mtulivu, na kwamba kila neno lililopita kwangu lilifika kama lilivyotoka. Kituo ni changu kuanzia mwisho wa Juni. Mama alipoisikia habari alisema hongera, kwa Kiswahili, akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, Mei 31

Wameondoka. Pieter alisahau kofia.

Jumamosi, Juni 21

Nimekwenda kwa Mama Owiti.

Nilijitungia sababu: nafungua kituo Jumatatu, namtaka awe mgonjwa wangu wa kwanza, tumalizie ule mkono. Na ningemwomba namba ya watu wa Bungoma, niende mwenyewe kwa Nangila nikamweleze kosa lilikuwa la nani. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kusema hivyo kwa Dholuo safi.

Ukifika pale huhitaji kuuliza ni boma gani. Mashamba ya majirani yameshika mahindi, mengine yanaanza kumtamanisha mtu mwenye njaa. Ya kwao yalikomea magotini, majani yamejikunja, yana rangi ya karatasi ya kufungia nyama. Kipande cha Nangila ni magugu. Mlango wake umefungwa kwa waya.

Mama Owiti alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake akichambua kunde za kununua. Aliniona tangu langoni. Aliinuka mwenyewe, bila fimbo, akatembea mpaka mlangoni na kurudi na kiti, akakiweka mbali kidogo na chake. Nilitazama ule mguu. Haukuburuta.

Nilimwamkia kwa Dholuo. Nikamwita Mama.

Hakunijibu. Alimwita Akello, aliyekuwa jikoni, akangoja mpaka afike, anawe mikono na kusimama kando yake.

"Mwulize mgeni kama atakunywa chai," Mama Owiti alisema kwa Dholuo.

Akello alinitazama, akamtazama yeye. Nilifikiri ni mzaha. Mama Owiti aliendelea kuchambua kunde.

"Anauliza kama utakunywa chai," Akello aliniambia kwa Kiswahili.

Nikajibu kwa Dholuo, moja kwa moja kwa Mama Owiti, kwamba nitakunywa, na kwamba nimekuja kuomba msamaha. Hakuinua macho. Mikono ilikuwa imesimama juu ya ungo, yote miwili, ikingoja. Ikabidi Akello arudie, maneno yaleyale, lugha ileile, ndipo akatikisa kichwa kwamba amesikia.

Tulikaa hivyo kama saa moja. Nilisema habari za kituo, Akello akazirudia. Nilisema habari za Bungoma, kwamba niko tayari kwenda kumleta Nangila. Mama Owiti alifikiri juu ya hilo, kisha akasema na Akello, na Akello akanigeukia, macho yake chini.

"Anasema mambo ya nyumbani yataongewa na watu wa nyumbani. Anasema asante kwa kumfundisha kuinama."

Nilingoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akello hakuongeza neno, wala hakupunguza.

Nilimaliza chai, nikarudisha kikombe kwa mikono miwili, nikatembea mpaka barabarani. Kituo kinafunguliwa Jumatatu saa mbili.